Fundi wa Dishi Auza Nini?

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye kazi imempeleka Nairobi na sasa akaa na ahali yake katika nyumba za ghorofa za Umoja, upande wa mashariki wa mji. Suala lenyewe laonekana dogo, na baadhi ya wenzetu katika darsa walicheka lilipokuwa likisomwa. Lakini tulipolishika na kuligeuzageuza tuliona lina mizizi mirefu, na usiku ule hatukuondoka mpaka karibu na saa tano.

Khabari yenyewe ni hii. Siku moja walikuja watu kubadilisha tangi la maji juu ya paa la nyumba ile. Walipokwisha kazi yao na kwenda zao, picha ya televisheni ya ndugu yetu ilikuwa imepotea. Yeye hakuwapo nyumbani, basi mkewe akamwita fundi. Fundi akapanda juu na spana yake, na yule bibi akakaa mbele ya televisheni ili apige ukelele picha itakapotokea. Hata robo saa haikutimia, picha ikatokea, naye akaita dirishani: "Imerudi!" Kisha ikapotea tena, ikakaa kama dakika kumi, ikarudi mara ya pili. Fundi akashuka na kusema kwamba kichwa cha dishi kilikuwa kimekufa, naye amekitia kipya. Kichwa shilingi 1,500, na ujira wake shilingi 1,000. Akalipwa shilingi 2,500, akakitia kile kichwa cha zamani mkobani, akaenda zake.

Jioni mume aliporudi na kuelezwa yaliyopita, bibi ndiye aliyeuliza: kama picha ilirudi mara ya kwanza, na mara ya pili ilipotea ili kichwa kibadilishwe, ni kitu gani basi kilichokuwa kimekufa? Jirani zao waliposikia waliwaambia: "Mlitaka picha, mkapata picha. Bei mliikubali wenyewe. Khasara yenu iko wapi?" Ndugu yetu hakuwa na jawabu, na ndiyo maana akatuandikia.

Wako watakaotuambia kwamba ilitupasa kwanza tuseme juu ya televisheni yenyewe, iwapo yafaa kuwamo nyumbani au haifai, na yatazamwe nini na yaachwe nini. Hayo yamesemwa sana na yatasemwa tena. Leo tumeulizwa juu ya haki ya mtu kwa mtu, na haki haingoji mpaka mas'ala mengine yote yaishe.

Mwenye kutaka kuhukumu kazi hana budi aijue kazi, ama sivyo hukumu yake ni kubahatisha. Tulimwomba kijana mmoja mwenye ujuzi huo atufafanulie, akatufahamisha mambo ambayo wengi wetu tulikuwa hatujapata kuyafikiri.

Setilaiti inayotuma picha za DStv kwa watu wa Kenya imewekwa juu ya mstari wa ikweta, kwenye nyuzi 36 mashariki, nayo iko mbali na ardhi kwa kilomita 35,786. Katika kimo hicho, chombo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, kwa hivyo kwa aliye chini ni kama kimetundikwa mahali pamoja hakisogei. Mwingereza Arthur Clarke alilieleza jambo hili kwa hesabu tangu mwaka 1945, kabla hakijarushwa chombo chochote. Sasa, mji wa Nairobi uko karibu na nyuzi 37 mashariki, na kusini ya ikweta kwa uzi mmoja na kitu tu. Maana yake ni kwamba chombo kile kiko karibu utosini mwa Nairobi. Anayekitafuta hana haja ya kutazama kaskazini wala kusini, atazame juu ya kichwa chake.

Lakini mtu asiyejua akiyaangalia madishi ya Buruburu, Umoja na Kayole huyaona yameinama kama kwamba yanatazama mtaa wa pili. Sababu ni kwamba dishi la nyumbani halikufinyangwa kama bakuli la kawaida. Kichwa chake kimeshikwa na mkono unaotoka chini, na mawimbi yakipiga uso wa dishi hayakusanyiki katikati, bali huteremka kukifuata kichwa. Kwa hivyo dishi laona juu zaidi ya pale uso wake unapoelekea, na tofauti yake ni zaidi ya nyuzi 20. Hapa jicho la mwenye nyumba humdanganya. Mwenye kulielekeza kwa kukisia, kwa namna anavyodhani yeye kwamba linatazama, atalipoteza kabisa.

Tena jicho la dishi ni jembamba mno. Dishi la upana wa sentimita 90 huona angani pahali pasipozidi nyuzi 2. Likipotoka kwa uzi mmoja tu, yaani ukingo mmoja ukitangulia mwingine kwa sentimita moja na nusu, nusu ya nguvu ya mawimbi imekwisha kwenda. Upana wa kidole, basi! Mtu aliyebeba tangi la maji akiliegemea kwa bega, au kamba ya kuanikia nguo ikifungwa kwenye mkono wake, limekwisha kupotea njia. Na kulirudisha ni kulegeza nati mbili tatu, kulisogeza taratibu huku mtu wa chini akitazama zile alama mbili kwenye king'amuzi, ya nguvu na ya ubora, kungoja kidogo kila mara kwa sababu king'amuzi hakionyeshi papo hapo, kisha kuzikaza nati bila ya dishi kusogea tena. Jambo hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, akatwambia yule kijana, kwani wengi hulipata hasa kisha wakalipoteza wakati wa kukaza.

Sisi watu wa pwani elimu ya kuelekeza si ngeni kwetu. Mombasa iko karibu sawasawa chini ya Makka, na kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini takriban bila ya kupinda, ilhali ndugu zetu wa Pumwani na Eastleigh hupinda kidogo kuelekea mashariki. Wanavyuoni wengi wametosheka, kwa aliye mbali, na kuuelekea upande wa Kaaba. Dishi halitosheki na upande.

Baada ya kuyajua haya, turejee kwenye suala. Yule fundi aliuza nini?

Wenzetu wa kwanza walisema: aliuza kazi ya mikono yake, na kazi hupimwa kwa muda na jasho. Robo saa ya kugeuza nati si kitu. Mchukuzi wa bandarini hubeba magunia asubuhi mpaka jioni, na vipi huyu apate shilingi 1,000 kwa robo saa ya kusimama juu ya paa? Kwa rai yao, hata kama kichwa kingekuwa kimekufa kweli, ujira ulikuwa wa dhulma.

Rai hii hatukuikubali, ingawa twajua kuwa ndiyo iliyo vifuani mwa watu wengi. Mwaka 1878, katika mji wa London, mchoraji James Whistler, Mmarekani, alimshitaki mwandishi mashuhuri John Ruskin, ambaye alikuwa ameandika kwamba Whistler kutaka gini 200 kwa picha moja ni ufidhuli. Mbele ya hakimu, wakili wa upande wa pili alimwuliza kama kweli alitaka fedha zote hizo kwa kazi ya siku mbili. Whistler akajibu kwamba hazitaki kwa siku mbili, azitaka kwa ujuzi alioukusanya umri wake mzima. Alishinda kesi, lakini fidia aliyopewa ilikuwa robo ya peni moja, na mwaka uliofuata alifilisika. Jibu lake, pamoja na hayo, ni jibu la haki. Mtu aliyejifunza miaka mingi mpaka akaweza kufanya kwa robo saa jambo ambalo wewe hungeliweza kwa siku tatu, kumlipa kwa robo saa ni kumtoza faini kwa sababu amejua. Fundi mjinga angekaa juu ya paa mpaka magharibi, akashuka na jasho, na kwa kipimo cha wenzetu hao angestahili ujira mkubwa zaidi!

Na fikihi yetu ya Kishafii imekwisha kulifungulia jambo hili mlango. Kuna ijara, ambapo mtu hukodiwa kwa kazi inayojulikana au muda unaojulikana. Na kuna juala, ambapo mtu huahidiwa kitu fulani akileta tamati fulani, kama kumrudisha mnyama aliyepotea, ijapokuwa kiasi cha taabu yake hakijulikani. Huenda akampata mnyama huyo nyuma ya nyumba, huenda akamfuata mwezi mzima. Ahadi ni ile ile. Wanavyuoni huitolea dalili kisa cha kikombe cha mfalme katika Sura ya Yusuf, ambapo mwenye kukileta aliahidiwa mzigo wa ngamia. Kazi ya dishi yafanana mno na juala. Mwenye nyumba hajui kilichoharibika, na fundi naye hajui mpaka apande. Linalojulikana ni moja: picha irudi. Picha ikirudi kwa kazi yake, chake ni chake, ijapokuwa aligeuza nati moja. Isiporudi, hana kitu. Basi lau fundi yule angesema mlangoni, "Nikiirudisha picha nataka shilingi 2,500," na bibi akakubali, sisi tusingekuwa na neno, hata kama kazi ingekuwa ni ya kupuliza vumbi.

Lakini hakusema hivyo. Alisema kichwa kimekufa. Na hapa ndipo tulipoachana na jirani zake ndugu yetu.

Jirani wadai kwamba hakuna khasara kwa kuwa picha ipo na bei ilikubaliwa. Sisi twauliza: ilikubaliwa bei ya nini? Ridhaa ya mtu haining'inii hewani peke yake. Ina kitu ilichokishika. Bibi alizitoa shilingi 1,500 kwa kuwa aliamini kuna kifaa kilichokufa. Mwondolee imani hiyo, na ridhaa yake yaanguka, kwa sababu hakuridhia kulipa shilingi 1,500 kwa kitu asichokihitaji. Hakuna tofauti kati ya kumchotea mtu fedha mfukoni hali amelala na kumfanya azitoe mwenyewe hali amelazwa usingizi kwa maneno. Kisa cha chungu cha nafaka, kikavu juu na chenye maji chini, kila msomaji wetu akijua, na aliyekiweka chungu kile hakumlazimisha mtu kununua.

Tena khasara haikuishia kwenye fedha. Nyumba ile sasa yaamini uongo juu ya mali yao wenyewe. Picha ikipotea tena baada ya miezi sita watasema, "Aa, vichwa hivi havidumu," wala hawatakwenda kutazama ni nani aliyeligusa dishi. Uongo wa fundi hauishi siku ya malipo. Hukaa ndani ya nyumba na kuwashauri wenyewe vibaya. Lau si akili ya bibi yule, ungekaa humo miaka.

Mpaka hapa darsa ilikuwa imekubaliana, na mtu angefikiri kuwa mambo yamekwisha. Ndipo mwenzetu mmoja, ambaye yeye mwenyewe ni fundi wa majokofu, na ambaye tangu jioni alikuwa kimya, akatuuliza swali lililotutahayarisha. Alisema: "Tuchukue kwamba fundi yule alishuka akasema kweli. Alisema, 'Mama, dishi lilikuwa limesukumwa, nimelirudisha mahali pake na kukaza nati, nipe shilingi 1,000.' Nyinyi mlioketi hapa, nani kati yenu angempa?"

Tulitazamana. Twaijua jawabu, nawe ndugu msomaji waijua. Angeambiwa, "Shilingi 1,000 kwa kukaza nati? Hata mimi ningelikaza!" Angepewa 200, na juu ya 200 angepewa maneno. Yule mwenzetu akatueleza kwamba katika kazi yake ameliona hili miaka na miaka. Akibadilisha kifaa hulipwa bila ya ugomvi, maana kifaa chaonekana na chashikika mkononi. Akitambua kosa na kulitengeneza bila ya kubadilisha kitu huonekana kama mwizi. "Nyinyi," akasema, "mnanunua vyuma, ujuzi mwautaka bure. Basi fundi mwenye watoto hujifunza kuuficha ujuzi wake ndani ya chuma."

Neno hili ni zito, na twaliandika hapa kama alivyolisema, kwa kuwa twaona lina haki ndani yake. Si kwa mafundi wa dishi peke yao. Wangapi kati yetu huenda kwa tabibu, na tabibu akituambia kwamba maradhi haya yataondoka yenyewe kwa siku tatu, tunywe maji na tupumzike, tukatoka tukinung'unika kwamba fedha zetu zimepotea? Na tukipigwa sindano, tukatoka tumeridhika, hata kama sindano ile haikuwa na haja! Mnunuzi asiyekubali kuulipia ukweli hujikuta akiuziwa uongo, na bei ya uongo huwa kubwa zaidi. Katika Umoja ukweli ungegharimu shilingi 1,000, na uongo uligharimu 2,500.

Je, hili lamtoa fundi makosani? Halimtoi. Njaa ya mtu na ubakhili wa wateja wake ni sababu ya kosa, na sababu ya kosa hailigeuzi kosa kuwa halali. Walikuwako na wapo mafundi wanaosema kweli na kustahimili kulipwa kidogo, na hao dhulma yao ni mara mbili, kwani wananyimwa na mteja kisha wakashindwa sokoni na mwongo. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la motokaa kuukuu, ambako muuzaji aijua ila ya gari na mnunuzi haijui. Alionyesha kwamba mnunuzi, kwa kuwa hawezi kupambanua gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Wenye magari mazima huona hailipi na wakaondoka, na soko likabaki na mabovu. Kwa kazi yake hiyo na nyinginezo alishiriki katika tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Wala hakuhitaji kufika Nairobi kuyaona haya. Tunapomlipa mkweli kama mwongo, au chini yake, twamfukuza mkweli kazini kwa mikono yetu.

Sasa liko suala gumu zaidi, ambalo lilituchukua sehemu kubwa ya usiku: fundi alazimika kusema kiasi gani? Uongo tumeukataza. Je, kunyamaza?

Yule kijana alitupa mfano ambao hatukuutarajia. Kila mwaka, siku chache karibu na tarehe 21 Machi, na tena karibu na tarehe 22 Septemba, jua la mchana hupita juu ya ikweta. Kwa kuwa setilaiti nayo iko juu ya ikweta, na kwa mtu wa Nairobi iko karibu utosini, basi karibu na wakati wa adhuhuri jua hupita nyuma yake hasa. Jua nalo hutoa mawimbi, na kelele yake huifunika sauti dhaifu ya chombo. Picha huharibika au hukatika dakika chache, jua likapita, ikarudi salama. Hakuna kilichovunjika. Kesho yake hutokea tena karibu na saa ile ile, na baada ya siku chache huondoka mpaka nusu ya mwaka. Mvua kubwa nayo hufanya kama hayo. Ile mvua ya masika inayomwagika Nairobi kama ndoo huyadhoofisha mawimbi mpaka ikatike.

Haya, mteja ampigia simu fundi saa saba kasorobo mchana, tarehe 21 Machi: "Picha imepotea, njoo upesi!" Fundi ajua. Akinyamaza, akapanda matatu, akafika saa nane, atakuta picha imerudi. Akiwahi kufika kabla haijarudi atapanda juu, atagonga nati kwa spana, atangoja jua lisogee, na mama ndani ya nyumba atapiga ukelele wa furaha. Hakusema uongo hata neno moja. Je, fedha atakazopewa ni zake?

Mmoja wetu alisema ni zake, maana hakuna sharia inayomlazimu mtu kuifundisha dunia nzima elimu yake bure. Daktari hawafundishi wagonjwa udaktari, na mshoni hamfundishi mteja kukata kanzu. Kama kila fundi alazimika kueleza kila alijualo, basi hana tena cha kuuza.

Hoja hii ina nguvu, na tuliipima kwa muda mrefu kabla ya kuona inapokosea. Imechanganya mambo mawili. Namna ya kufanya kazi ni mali ya fundi, aweza kuiuza au kuificha. Alijifunza kwa taabu, na mteja akitaka kujua dishi huelekezwa vipi, na ajifunze kama yeye. Lakini kama kazi yahitajika au haihitajiki, huko ni kujua hali ya mali ya mteja mwenyewe, na ndiko alikoitiwa fundi. Mteja hakusema, "Nifundishe." Alisema, "Ni nini?" Anayelijibu swali hilo kwa kupanda paa na kugonga nati amejibu uongo kwa mwili wake, ijapokuwa ulimi wake umenyamaza. Na hata kwa kipimo cha juala, jua ndilo lililoirudisha picha. Yeye hakuleta tamati yoyote, basi hana juu ya mteja haki ya ujira.

"Na nauli yake?" akauliza yule fundi wa majokofu. "Na saa yake? Na ule ujuzi wa kujua kwamba ni jua?" Hapa twaona amepata kabisa. Ujuzi wa kusema "ngoja dakika kumi" ni ujuzi mkubwa kuliko wa kukaza nati, nao una haki ya kulipwa. Kwa hivyo rai yetu ni kwamba ziwe bei mbili, nazo zitajwe mlangoni kabla ya mtu kushika ngazi: bei ya kuja na kutazama, ambayo hulipwa kwa hali zote, hata kama jibu ni "hapana kitu kilichoharibika", na bei ya kuirudisha picha, ambayo hailipwi mpaka irudi kwa kazi ya fundi. Kifaa kikibadilishwa, cha zamani kiachwe mkononi mwa mwenyewe. Fundi ambaye kutazama kwake kumelipiwa hana tena haja ya kuvumbua maradhi.

Wazee wetu wa zamani walijua kwamba mnunuzi peke yake hawezi kujilinda. Katika karne ya 12 ya miladi huko Sham, al-Shayzari alitunga kitabu kwa ajili ya msimamizi wa masoko, ambamo alieleza hila za waokaji, wauza dawa, wabadili fedha na wengineo. Lakini alikiri kwamba msimamizi hawezi kujua undani wa kila kazi, kwa hivyo na aweke kwa kila kazi arifu, mtu wa kazi hiyo hiyo, bingwa na mwaminifu, ili amjulishe mambo yao. Jambo lililotupendeza ni kwamba arifu alitoka miongoni mwa mafundi wenyewe. Anayejua pa kufichia ni yule anayeweza kuficha. Katika ghorofa za Eastlands leo mtu wa namna hiyo hayupo. Msimamizi wa nyumba, ambaye huenda akashika nafasi yake, mara nyingi ndiye anayemleta fundi, na akiwa na fungu lake katika malipo hawezi kuwa shahidi. Vijana wetu wa pwani walioko huko, waliosoma umeme na mitambo, hawashindwi kuteua kati yao wawili watatu wa kuulizwa kabla ya fedha kutolewa. Simu moja yatosha.

Jingine la paa hatuwezi kuliacha, ingawa hatukuulizwa. Nyumba moja ya Umoja huwa na madishi mengi juu yake, mengine yamefungwa kwenye bomba moja. La jirani huenda latazama kwengine kabisa. Mwenye Azam hulielekeza upande wa magharibi, kwenye nyuzi 7 mashariki, na ukuta mpya ukiinuka upande ule humziba, wakati mwenye kutazama utosini hana habari. Fundi anayelisogeza dishi la mteja wake akalitikisa la jirani, au akalisukuma makusudi ili aitwe kesho, amemdhuru mtu ambaye hakuwamo katika mapatano yao hata kidogo. Na mteja aliyemwona akakaa kimya kwa kuwa lake limepona ameshiriki naye.

Ama ndugu yetu aliyetuandikia, jawabu yetu kwake ni hii. Ujira wa shilingi 1,000 ni haki ya fundi, kwa kuwa picha ilirudi kwa kazi yake, na wala asiudai. Shilingi 1,500 za kichwa anayo haki ya kuzitaka, naye akirudishiwa, akirudishe kile kipya. Lakini alivyotuletea ni dalili, na dalili si ushahidi. Yawezekana kichwa cha kwanza kilikuwa kikishika na kuacha, na picha ile ya mara ya kwanza ilikuwa ya dakika moja tu. Kwa hivyo asiende na mashahidi na makelele. Amwite fundi faraghani, amwulize kwa upole lile lile aliloliuliza bibi, na amwambie mapema kwamba hadai ujira wa kazi. Na kile kichwa kilichotiwa mkobani ni mali yao, kiwe kizima au kiwe kimekufa. Amtake akilete, wakifunge kwenye dishi, na bibi akae tena mbele ya televisheni.